Kipaza Sauti cha Aune Lehtovaara

Jumamosi ile, nje ya duka moja la simu katika Barabara ya Umbilo, Durban, kwenye kiti cha nyuma kilichong'olewa katika taksi iliyokwisha kufa, walikuwepo watu watano. Alikuwepo Honoré Mushagalusa, dereva wa foklifti bandarini, aliyeitwa Kontena kwa sababu hadithi zake hakuna mtu aliyewahi kuziona zikifunguliwa hadi mwisho. Alikuwepo Peguy Ilunga, mwenye duka, aliyeitwa Chaja. Alikuwepo Mugambi M'Arimi, Mkenya wa Meru, mwalimu wa chuo kikuu, aliyeitwa Marekebisho, kwani hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kupekuliwa kama mzigo wa forodhani. Alikuwepo Marie Nabintu, mwenye saluni ya mlango wa pili, ambaye kahawa ya kijiwe ilitoka kwenye thermosi yake, na ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jina la utani. Na pembeni kabisa alikuwepo Ruphin Cirhuza, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani wa Umbilo. Huyo walimwita Maestro, ingawa yeye aliliona jina hilo pana kuliko mabega yake.

Ruphin hakuja kwa ajili ya kahawa. Saa kumi kamili kwaya ingekutana kwa mazoezi, na kabla ya hapo alitakiwa awe na jibu.

Katika kwaya yake wimbo haugawiwi na kiongozi. Anayeuacha humshika mkono anayeupokea, mbele ya wenzake wote, na kumwambia kwa mdomo wake: “Sasa ni wako.” Desturi hiyo ilitoka Bukavu, ikapita kambi mbili na mipaka minne, ikafika Durban bila kuchubuka. Lakini Carmel Nyota Bashige, aliyekuwa akiimba beti ya peke yake katika wimbo wa “Utuvushe”, aliondoka ghafla. Karatasi za kuhamishiwa Finland zilikuja wiki moja, na wiki iliyofuata Carmel na mdogo wake Elysée wakawa ndani ya ndege. Hakuna mkono ulioshikwa. Tangu siku ile, miaka mitano sasa, beti ya Carmel ikifika kwaya hunyamaza, kinanda kikapiga peke yake, na waumini wakainamisha vichwa.

Jumapili ya kesho ilikuwa siku ya makwaya yote, katika ukumbi wa Overport. Na Lynn Kemunto, Mkenya mwenye sauti ambayo Ruphin hakuwahi kutegemea kuipata tena maishani mwake, alikuwa amesema kwa adabu kwamba asipopewa beti ile leo, atakwenda na kwaya ya Overport, ambayo imemwita.

— Maestro, Kaarnasilta walishapitia hii, alisema Peguy, akiipangusa skrini ya simu ya mteja kwenye suruali yake. Bo balibadilisha mwimbaji. Na dunia ilianguka? Haikuanguka.

Kijiwe kizima kilijua habari za Kaarnasilta, bendi ya roki ya Finland, kuliko kilivyojua habari za timu ya mpira ya AmaZulu. Carmel ndiye aliyewafundisha. Katika mwaka wake wa pili huko Oulu alituma video: jukwaa kubwa, moshi, wanaume wenye nywele hadi kiunoni wakikung'uta magitaa yanayonguruma, okestra nzima ya fidla na tarumbeta, mwanamke mmoja mbele akiimba kama anaita mtu ng'ambo ya ziwa, na nyuma yao kwaya ya watu mia moja waliovaa nguo nyeusi. Katika safu ya tatu, mweusi peke yake, mdomo wazi, alikuwa Carmel. Kwaya ya mji ilikodiwa kuwasindikiza, naye alikuwa mwanakwaya. Siku ile Honoré alilia mbele za watu akasingizia vumbi.

— Mais sikieni, alisema Honoré. Kabla ya mambo ya kubadilisha, mtu aniambie kwanza hawa batu banatoa wapi sauti kubwa namna ile. Nchi yenyewe iko na watu wachache kuliko Johannesburg.

— Takriban hivyo, alisema Mugambi. Endelea.

— Mimi najua. Ni mbao. Rekodi yao ya kwanza, mwaka tisini na saba, waliifanyia wapi? Ndani ya ghala la kukaushia mbao, la baba yake yule mpiga gitaa.

— Tuomo Kivelä, alisema Ruphin.

— Voilà. Tuomo. Sasa mimi bandarini nabeba mbao kila siku. Mbao ya Finland ukiigonga, inajibu. Ukigonga ya kwingine, inanyamaza.

— Bwana, mbao unazopakia wewe zinatoka hapa hapa KwaZulu-Natal, zinaenda nje.

— Basi zinaenda kule kujifunza!

Marie alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani. Mugambi alitaka kusahihisha, akaona hakuna pa kushika.

— Si mbao, alisema Peguy. Ni giza. Kule jua linapotea miezi. Sasa sisi umeme ukikatika tunafanya nini? Tunawasha jenereta. Bo hakuna jenereta ya kuwasha jua, donc banawasha gitaa. Ndiyo maana ngoma inapiga haraka vile. Ikisimama tu, mji unazimika.

— Eish, Chaja, hapo umesema, alikubali Honoré, kisha akaona mwenzake anamzidi, akavuta pumzi. Lakini hujui ya Aune. Aune Lehtovaara, yule mwimbaji wa kwanza. Bahari yao inaganda, si ndiyo? Meli zinakwama. Nahodha mmoja aliniambia walikuwa wanampandisha Aune mbele ya meli, anatoa ile noti ya juu, barafu inapasuka tii, hadi bandarini.

— Nahodha gani? Jina lake?

— Marekebisho, nahodha hana jina. Ana cheo.

Hata Ruphin alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma, kwa sababu noti aliyokuwa akiisikia kichwani haikuwa ya Aune.

Marie alijaza vikombe upya. Yeye alisema machache, nao walizoea kumsubiri.

— Nyinyi wanaume munasema sauti, sauti. Mimi ile video nilipoiona mara ya kwanza nilisema, hawa batu iko na matanga. Wamefiwa na kitu, hawajui kukitaja, wameita kinanda, wameita ngoma, wameita opera, wameita hata Mkongomani, ili waweze kulia vizuri. Ndiyo maana nawapenda. Batu wa kulia vizuri ni wachache.

Taksi moja ilipita, kondakta akipiga mluzi kuelekea mjini.

— Sasa sikiliza, Papa Ruphin, alisema Peguy, akirudi pale alipoanzia. Elfu mbili na sita, Aune anaondoka. Mama yake mgonjwa, yeye amechoka na mabasi na hoteli. Bendi ikafanya nini? Ikafa? Ilmari Routasalo alikaa kwenye kinanda chake akaandika nyimbo mpya, wakamchukua Sanni Rautio, mwalimu wa muziki wa watoto, hakuna aliyemjua. Leo Sanni anajaza viwanja. Alors? Lynn ndiye Sanni wetu. Mpe beti.

— Umeruka mwaka mzima, alisema Ruphin.

— Mwaka gani?

— Mwaka uliofuata baada ya Aune kuondoka. Walizunguka nchi nzima bila mwimbaji. Kipaza sauti chake kilisimama mbele peke yake, na taa juu yake. Sehemu ya Aune ikifika, hakuna aliyeimba jukwaani. Watu waliolipa tiketi ndio walioimba, maelfu, gizani, kila mmoja kwa sauti aliyopewa.

— Kweli, alisema Mugambi. Hiyo ni kweli.

— Na mwisho wa mwaka huo, huko Helsinki, nani alipanda jukwaani? Aune mwenyewe. Alikuja na Sanni, amemshika mkono, akamweka mbele ya kile kipaza sauti, akamwambia maneno, akashuka. Ndipo Sanni akaimba. Usinihesabie Sanni bila kunihesabia mkono wa Aune.

Ruphin hakuwa mtu wa kusema mengi, na maneno hayo yalimtoa jasho. Aliwapenda Kaarnasilta kwa ajili ya mwaka ule tu. Magitaa yao hadi leo yalimkwaruza masikio. Lakini Wazungu wa barafu, wasiojua Bukavu iko wapi, walikuwa wameshika desturi ya kwaya yake bila kufundishwa, na jambo hilo lilimfanya awaheshimu kama jamaa.

— Bon, alisema Peguy. Sasa Carmel atakuja kumshika Lynn mkono na nini? Na mbawa?

— Sijui.

— Kesho ni Jumapili, Maestro.

— Najua kesho ni siku gani.

— Lynn alisukwa kwangu juzi, alisema Marie taratibu. Alikuwa anaiimba ile beti, polepole, kichwa kiko mikononi mwangu. Wateja waliacha kuongea. Mmoja Mzulu, hajui neno hata moja la Kiswahili, aliniambia zima dryer, nataka kusikia. Utamwacha binti aende, Papa Ruphin?

Juzi ile Ruphin alikuwa amesimama nje ya dirisha la saluni na mfuko wa nyanya mkononi, na hakuondoka hadi beti ilipokwisha. Kumnyima Lynn kulikuwa kuizika sauti ingali hai. Kumpa kulikuwa kumwambia Carmel, aliyekwenda kukaa peke yake katika safu ya tatu ya watu weupe, kwamba hata huku alikotoka nafasi yake imekaliwa.

— Mimi nasema Aune hakuja kwa hiari, alianza Honoré, kuokoa hewa. Serikali ya Finland ilituma ile meli ya kuvunja barafu ikamchukue...

— Wacha meli, Kontena, alisema Mugambi. Ruphin ana hoja. Utaratibu ni utaratibu.

— Utaratibu unaimba? alisema Peguy.

— Na wewe unajua kuimba?

Wakati huo alikuwepo mtu wa sita. Armel, kijana wa Lubumbashi aliyefika Durban mwezi huo huo, alikuwa ameleta simu yenye kioo kilichopasuka, na Marie alimpa kikombe kama anavyompa kila anayesimama. Alikuwa amesikiliza tangu kwenye mbao, akiwatazama wasemaji kwa zamu. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahani bazee. Huyu mama Carmel wa Finland, mulipomuuliza, alijibu nini?

Peguy alimtazama Ruphin. Ruphin alimtazama Marie. Honoré alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kiti kile kiwekwe pale, hakikutoka kitu.

— Mimi nilijua Maestro aliuliza, alisema Peguy.

— Mimi nilijua Marie, alisema Mugambi. Si yeye ndiye aliyekuwa rafiki yake?

— Niulize vipi? alisema Marie. Nimwambie, ndugu yangu, achia wimbo? Angefikiri tunamfukuza.

Ndivyo alivyofikiri Ruphin pia, miaka yote mitano. Kumuuliza kungekuwa kama kwenda kwa mtu aliye safarini na kumuomba funguo za nyumba yake. Kwa hiyo, kwa heshima, alimtumia salamu za Pasaka na za Noeli, na picha za kwaya, na ujumbe wa sauti kuhusu mvua, na hakugusa lile jambo hata mara moja. Kwa heshima hiyo hiyo kwaya nzima ilifanya hivyo hivyo. Walimtunzia nafasi yake vizuri mno hata hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba imetunzwa. Tangu Noeli, majibu yake yalipoanza kuchelewa, walisema ni baridi, ni kazi.

— Mpigie sasa, alisema Marie.

Peguy alikuwa amekwisha kuitafuta namba. Aliweka simu kwenye kiganja cha Ruphin, sauti ikiwa juu. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, hakuna aliyesema alo. Kulikuwa na pumzi tu, na mlango ukifungwa mahali fulani. Ruphin aliogopa kwamba akisubiri salamu atashindwa, akaanza mara moja, amesimama wima kama aliye mbele ya kwaya.

— Carmel, ni Papa Ruphin, Umbilo. Usikasirike, dada yangu. Nafasi yako iko. Beti yako hatujaimba tangu ulipoondoka, kinanda kinapiga peke yake, kila Jumapili, muulize yeyote. Lakini amekuja binti mmoja, Lynn Kemunto. Anaiimba vizuri. Hakupiti wewe, lakini vizuri. Sasa tunaomba, ukikubali, umwambie lile neno, hata kwa simu. Nitamwekea simu sikioni, kwaya yote isikie. Ukikataa tutaendelea kunyamaza. Hakuna ubaya.

Alimaliza. Honoré alikuwa amevua kofia, bila kujua kwa nini.

— Papa Ruphin, sauti ilisema. Ilikuwa ya mwanamume. Ni mie Elysée.

— Elysée! Mpe dada yako simu.

Elysée alisema kwamba alikuwa na nia ya kuwapigia jioni hiyo. Alikuwa akingoja wazee wa Bukavu waambiwe kwanza, na mjumbe alikuwa amefika kwao asubuhi.

Carmel Nyota Bashige alifariki Alhamisi, hospitalini Oulu, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.