Golikipa wa Miaka Kumi na Minne

Padre, Chifu, wazee wa boma, mama zetu, wachezaji, na nyinyi nyote mliofika hapa Mabera leo Jumamosi tarehe 9 Agosti 1969, wengine kwa miguu kutoka Kehancha na wengine kwa lori kutoka Suna, mimi ni Magige Bichage, kaka mkubwa wa marehemu kwa baba mmoja, karani katika ofisi ya wilaya Homa Bay, na ndimi niliyekuwa katibu wa timu ya Wakuria tangu ilipoanza mpaka ilipokufa. Familia ilikuwa imemchagua mwalimu asome historia hii, kwa kuwa ana sauti nzuri na hana kosa na mtu, lakini mjane, Kezia, alikataa, akasema jina la mume wake limechafuliwa kwa miaka mitatu na halitaingia kaburini likiwa hivyo, na kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kulisafisha, naye atasimama mbele ya watu asome kwa mdomo wake. Kwa hiyo mnisikilize, na anayetaka kunizomea angoje nimalize.

Marehemu Cephas Maroa Bichage alizaliwa hapa hapa Mabera mwaka wa 1937, katika mwezi wa kuvuna wimbi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bichage, ambaye mnamwona ameketi pale mbele, na wa mama yetu mdogo Bhoke, aliyetangulia mwaka wa 1961. Siku yenyewe hatuijui, maana kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamume alizaliwa lini, huulizwa alitahiriwa mwaka gani, na kwa jibu hilo mtu hujua aketi na nani, amheshimu nani na amtanie nani. Maroa alitahiriwa mwaka wa 1952, akiwa na miaka kumi na mitano, hakupepesa jicho, na wanarika wake waliopo hapa ni mashahidi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1946 mpaka Desemba 1949, akaishia darasa la nne, kwa sababu baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na huyo mmoja nikawa mimi, si kwa kuwa nilimzidi akili, maana yeye ndiye aliyenizidi, ila kwa kuwa nilizaliwa kwanza. Mwaka wa 1953 aliingia kazi ya kuchimba dhahabu kule Osiri, akashuka mashimoni miaka kumi na mitano, na huko ndiko alikopata ile mikono ambayo mnaikumbuka, mipana kama sinia.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Kezia, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Marcella, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1959, ambaye yuko hapa amembeba mdogo wake.

Sasa nifike kwenye timu, na wenye kumbukumbu fupi nitawasaidia. Kombe la Ziwa lilianzishwa mwaka wa 1962 kwa mataifa yanayolizunguka ziwa, si kwa serikali, watu waje na timu ya watu wao, kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda, na sisi Wakuria, tulio wachache na tuliokatwa katikati na mpaka wa serikali mbili, tulipeleka timu moja kutoka pande zote, tukasema dunia itatujua. Ilitujua. Mwaka wa 1962 tulicheza mechi tatu, tukafungwa sita, manane na matano, tukapata goli moja ambalo beki wao alijifunga, na golikipa wetu wa wakati huo alirudi nyumbani akaokoka, hakugusa mpira tena. Mwaka wa 1964 akaingia Maroa, tukafungwa manne, saba na tisa, tukarudisha mawili. Mwaka wa 1965 tukafungwa matatu, manne na kumi na moja, tukarudisha moja, na siku ya yale kumi na moja watazamaji wa upande wa pili walimpelekea kiti langoni ili apumzike. Hakukikalia, alikisogeza pembeni akaendelea kuruka, na siku hiyo hiyo aliokoa mengine ishirini ambayo hakuna aliyeyaandika. Mabeki waliokuwa mbele yake walikuwa wanaume wa rika langu, wenye mvi kidevuni, hodari wa kula nyama ya safari, ambao mpira ukiwapita walisimama kuutazama, na baadhi yenu mnainamisha vichwa hapo mlipo, na mna haki ya kuinamisha.

Mwaka wa 1966 mashindano yalifanyika Homa Bay, na kwa mara ya kwanza kamati ilitaka kila mchezaji awe na kadi yenye jina, picha na mwaka wa kuzaliwa. Tarehe 20 Agosti niliketi nje ya duka moja pale Migori, chai mkononi na fomu magotini, nikawaita wachezaji mmoja mmoja nikawauliza kwa Kikuria wewe ni wa mwaka gani, na kila mmoja akanijibu kama mwanamume wa Kikuria anavyolijibu swali hilo, kwa mwaka wa tohara yake, nami nikauandika palipotakiwa mwaka wa kuzaliwa. Nilijua ninachofanya. Sikuwa na subira ya kukaa na watu kumi na mmoja tukihesabu mavuno na ukame mpaka tuupate mwaka wa kweli, nikaona Homa Bay hakuna atakayesoma. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kapteni wetu Ryoba, ambaye ni babu wa mtu, akawa na miaka ishirini na mitatu kwenye karatasi, na ndugu yangu Maroa, aliyekuwa wa rika la mwisho, baba wa watoto watatu na Kezia akiwa na mimba ya wa nne, akawa na miaka kumi na minne, na sheria za kombe zilisema asicheze mtu aliye chini ya kumi na sita.

Tulipoteza mechi ya kwanza mawili kwa sifuri, ya pili moja kwa sifuri, na Jumamosi tarehe 10 Septemba 1966 tukakutana na mabingwa watetezi kutoka ng'ambo ya ziwa, tukawashinda moja kwa sifuri. Goli lilifungwa na Ryoba, ambaye mpira ulimpiga gotini akiwa anageuka kumlaumu mwenzake, lakini lilikuwa goli, na yaliyobaki yote yalifanywa na Maroa, aliyeruka kushoto na kulia mpaka watu wa Homa Bay, wasio na undugu wowote nasi, wakaanza kuliita jina lake. Dakika tano kabla ya mwisho alijitupa miguuni mwa mshambuliaji wao, goti la yule bwana likamwingia ubavuni kushoto, akalala juu ya mpira kama mama juu ya mtoto, hakuuachia. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kushinda, na sasa nawaambia ilikuwa ya mwisho. Mama zetu walicheza mpaka kwenye gati. Maroa alikojoa damu jioni ile, akaniambia, nikamwambia ni uchovu.

Jumatatu tarehe 12 wapinzani walikata rufaa kwa kuonyesha kadi, na kamati ikatuita sote wawili. Mwenyekiti alimtazama Maroa, ndevu, mabega, lile pengo la jino, akacheka yeye mwenyewe, akaniuliza mimi kama katibu kama kuna kosa la kuandika, na akasema katibu akikiri kosa la karatasi, matokeo yatabaki. Jamani, mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilihitaji kusema maneno matatu. Lakini barua yangu ya kuomba kazi katika ofisi ya wilaya ilikuwa mezani pa mtu yuleyule, na karani asiyeweza kujaza fomu ya mpira haajiriwi kujaza ya serikali, kwa hiyo nikajibu kwamba mimi niliandika nilichoambiwa na mchezaji, na kama kuna uongo aulizwe yeye. Maroa alinitazama. Alisema kwa Kiswahili chake kigumu kwamba yeye hajui mwaka wake, anayejua kalamu ni kaka yake. Mechi ikafutwa, wapinzani wakapewa matatu kwa sifuri, na Cephas Maroa akafungiwa maisha kwa udanganyifu, jina lake likabandikwa kwenye ubao wa uwanja.

Tuliporudi hapa alitaka kwenda kuapa mbele ya Bwana D.C., na Mzee Bichage akatuita chini ya paa la nyumba yake akaamua kwamba boma hili lina kalamu moja, isivunjwe kwa sababu ya mpira, na kwamba Maroa anyamaze. Baba, nisamehe kulisema mbele ya watu, ila ulilisema, na mimi nilikuwepo nikaitika. Maroa alinyamaza tangu siku hiyo mpaka amekufa. Mimi niliajiriwa tarehe 1 Januari 1967. Mwaka huo timu ilikwenda bila yeye ikafungwa matano, sita na manane, haikualikwa tena, na rekodi ya taifa letu ikafungwa hivi, mechi kumi na tano, kushindwa kumi na tano, magoli ya kufunga manne, ya kufungwa themanini na mawili.

Yaliyofuata mnayajua, maana ni nyinyi mlioyafanya. Pale sokoni Migori mlimwita Mtoto, mlimnunulia peremende, mlimuuliza kama mama yake anajua ametoka. Mlimuuliza Kezia kama anamnyonyesha kwanza yeye au yule mdogo. Shuleni watoto wenu walimwambia Marcella kwamba baba yake alimzaa akiwa na miaka saba, na binti alirudi nyumbani akamuuliza, na Maroa akamjibu kwamba hesabu yao ni sahihi, karatasi ndiyo mbaya. Hakuwahi kusema karatasi iliandikwa na nani. Mimi nilikuwa nakuja likizo na viatu vyangu vya kung'aa, nawasikia mkicheka, na siku moja, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nanyi.

Ugonjwa ulianza siku ya mechi na haukumwacha. Alirudi Osiri akishuka shimoni na ubavu uliofungwa kitambaa, mpaka Desemba 1968 aliposhindwa kupanda, wakamvuta kwa kamba. Tarehe 11 Julai 1969 alilazwa hospitalini Homa Bay, na daktari alisema figo ya kushoto iliharibika zamani na sasa imeiambukiza nyingine. Kutoka mezani kwangu mpaka kitandani kwake ni mwendo wa kumaliza sigara moja, nami nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza nilipeleka machungwa. Mara ya pili, tarehe 30 Julai, aliniomba jambo moja, na hakuomba kufunguliwa, hakuomba nifukuzwe, aliomba tu iandikwe mahali kwamba siku ile Wakuria walishinda. Siku iliyofuata niliiandikia kamati barua, nikakiri kila kitu, nikaweka sahihi. Aliniuliza kupitia kwa muuguzi kama jibu limekuja, likawa halijaja. Alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 1969, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, waliofanya walichoweza kwa mtu aliyeletwa akiwa amechelewa, na inamshukuru Awino, muuza dagaa wa omena wa pale sokoni, ambaye si wa kabila letu wala wa kanisa letu, na ambaye aliona mechi ile moja tu, akampelekea uji kila siku kwa siku ishirini na sita. Inawashukuru wachimbaji wenzake wa Osiri walioleta jeneza, na wachezaji kumi waliolibeba kutoka barabarani. Majirani pia inawashukuru, kwa maji, kuni na ng'ombe, na Kezia ameniambia niongeze kwamba anawashukuru kwa hayo ya wiki hii, ya miaka mitatu iliyopita hana shukrani.

Imebaki salamu moja ya rambirambi. Juzi Alhamisi, tulipokwenda kuuchukua mwili, tarishi wa kamati ya Kombe la Ziwa alinipa barua yenye mhuri, nami naisoma kama ilivyo. Kamati inasikitika kwa kifo cha Bwana C. Maroa. Kuhusu barua ya katibu ya tarehe 31 Julai, muda wa kukata rufaa ulikuwa siku kumi na nne, kwa hiyo matokeo ya tarehe 10 Septemba 1966 hayawezi kubadilishwa. Hata hivyo kamati inafurahi kuijulisha familia kwamba adhabu ya kufungiwa maisha ilimalizika rasmi tarehe 6 Agosti 1969, na kuanzia siku hiyo mchezaji yuko huru kusajiliwa tena. Familia inaombwa kurudisha kadi yake.

Kadi hawaipati. Iko mfukoni mwa koti lake humo ndani ya jeneza, na leo asubuhi, Kezia akiwa amenisimamia na kunishikia wino, nimeukata ule mwaka na kuandika 1937, nikaandika chini yake kwamba Wakuria walishinda moja kwa sifuri, nikaweka sahihi yangu. Nilipomaliza alininyang'anya kalamu, akafunga kifuniko cha jeneza, akaniambia sasa hakuna atakayesoma. Pumzika, Maroa, upate huko amani ambayo mimi ndugu yako nilikunyima hapa.