Mashine Haina Mdomo

Lori la maharage lilitoka makazi ya wakimbizi ya Mishamo asubuhi. Juu ya magunia, Ernestine alikaa na jogoo wake pembeni ya vijana wawili waliobishana kana kwamba yeye naye ni gunia.

Wiliam alikuwa mtafiti kutoka Dar, aliyetumwa na shirika linaloandikisha wakimbizi kupima usalama wa kompyuta yake. "Ndugu yangu, neno la siri ni Mishamo! Nimelikisia mara moja tu. Majina ya wakimbizi wote yakafunguka, na ndugu zao waliobaki Burundi, na wanakoishi."

Kasimiri, karani wa kompyuta hiyo, akajishika kichwa. "Basi usiandike. Ripoti ikisambaa, kila mtu atajua pa kuingilia."

"Nisipoandika, nyie hamtabadilisha kitu. Na kama kuna aliyeingia kabla yangu, utamjuaje?"

Ernestine alihisi baridi, na jua lilikuwa kali. Siku ya kuandikishwa alikataa kumtaja kaka yake Dieudonne, aliyejificha kule kwao Burundi tangu vita vianze. Karani huyuhuyu akamwambia, "Sema tu mama, mashine haina mdomo." Akasema yote, hata kilima anakolala kaka yake.

Lori likasimama mtaa wa Majengo, mjini, vijana wakibishana bado. Wiliam akampokea jogoo, akamsaidia kushuka.

"Pole na safari, mama. Unaitwa nani?"

"Si umeshanisoma, mwanangu," akasema Ernestine. "Umenisoma mimi na kaka yangu."