Saa Mbili Nyuma ya Nguzo

Benchi letu liko kati ya kibanda cha fundi viatu na cha kinyozi, na kinyozi ni mimi. Lina miguu mitatu na tofali. Hapa mtu haagizi kahawa. Ukikaa tu, Buli muuza kahawa anajua: huyu chungu, yule sukari mbili, kikombe chenye ufa ni cha Kipaza. Tunaona fahari sana kujulikana hivyo. Jumatatu ile Fundi Soli alikuja amenuna, akapewa chake bila neno, akabaki anakitazama. Jana yake mchana alimpeleka mkewe kwenye mkahawa mpya wenye vitambaa vya meza, kwa ajili ya miaka ishirini ya ndoa. Walirudi na njaa yao, na tangu warudi mkewe hajamsemesha.

— Saa mbili! — alisema Fundi Soli. — Saa mbili nyuma ya nguzo. Mhudumu anapita, anarudi, anapita, sisi tupo tu.

— Hakusimama hata mara moja? — nikamuuliza.

— Alisimama. Akachukua chumvi yetu, akapeleka meza ya jirani.

— Chumvi! — Kipaza akaruka. Kipaza anauza magazeti, na tangu nimjue hajawahi kunong'ona. — Hiyo ni dharau ya mchana kweupe! Tatizo ni nguzo. Wahudumu wamegawana ukumbi. Wa kulia anasema meza ile ni ya kushoto, wa kushoto anasema ni ya kulia. Mlikaa mpakani, ndugu yangu. Mlitakiwa muwe na pasipoti.

— Wapi! — akadakia Redio, fundi simu, anayejua kila kitu isipokuwa saa ya kufungua kibanda chake. — Mlangoni pale kuna kamera. Inasoma viatu. Wewe ulivaa vipi?

Fundi Soli akakohoa.

— Vya mteja. Hajavifuata tangu mwezi uliopita.

Tulicheka mpaka benchi likatoka kwenye tofali. Yeye hakucheka.

— Basi kamera ilimtambua mwenye viatu, — Redio akaendelea. — Huyo atakuwa na ugomvi nao wa zamani.

— Mimi nawaambia pale hapapikwi kitu, — alisema Kipaza. — Wale mliowaona wanakula, wanalipwa kukaa pale. Wanatafuna hewa tangu asubuhi.

— Na harufu je? — nikauliza.

— Inapulizwa na feni!

— Hata kama! — Fundi Soli alipiga ngumi gotini, kahawa ikamwagika. — Mke wangu alilipiga pasi gauni lake mara mbili. Mara mbili! Jumapili narudi. Meza ileile, kiti kilekile. Sitoki mpaka tuhudumiwe.

Hapo wote tukawa kitu kimoja. Kipaza akaahidi kuleta sauti yake, Redio akaahidi kurekodi, mimi nikaahidi kumnyoa bure. Ila kwanza iandikwe barua ya malalamiko kwa meneja, tena yenye makali. Tukamwita dada mpiga chapa, aliyefungua duka lake ng'ambo ya barabara siku chache kabla. Alikuja na daftari, akakaa. Buli akamuuliza atakunywa nini, swali ambalo sikuwa nimelisikia hapo kwa miaka.

— Haya, — alisema dada. — Nguzo, saa mbili, chumvi. Mliagiza nini?

— Hatukuagiza. Tulisubiri.

— Hamkuulizwa?

— Mhudumu alipita akauliza kama tuko sawa. Nikamwambia tuko sawa. Si lugha ya heshima?

— Na orodha ya vyakula hawakuwaletea?

— Ilikuwepo mezani. Nilijipepea nayo.

Kalamu ikasimama. Redio akaanza kukagua kucha zake.

— Uzembe wao nitauandika, — alisema dada taratibu, — maana saa mbili ni uzembe kweli. Lakini niambie, kaka yangu. Wifi alitaka kula nini?

Fundi Soli akamtazama Kipaza, naye Kipaza akajificha nyuma ya gazeti. Akanitazama mimi. Nilikuwa najaribu kukumbuka mke wangu mwenyewe anapenda nini, nikatoka patupu. Niliona aibu, nakiri.

— Sijui, — alisema mwishowe. — Miaka ishirini, na sijui.

Akaweka kikombe chini kikiwa na kahawa nusu, akainuka, akafunga kibanda saa tatu asubuhi.

— Na barua? — Kipaza akapiga kelele.

— Iandikwe. Jumapili tunakwenda, na ataagiza yeye. Sasa nakwenda kumuuliza.

— Si hakusemeshi? Asipokujibu je?

Fundi Soli alikuwa ameshavuka barabara. Akageuka.

— Nitasubiri, — alisema. — Saa mbili nimeshazizoea.