Kibodi Niliyomlipisha Mama wa Omena

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili ya mkutano wetu hapa Suna, vitufe vya laptopu ya chama vilikataa kuandika. Wengi wenu mlikuwa mmeketi papo hapo mlipoketi sasa. Nilikuwa nimemaliza kuwasomea kumbukumbu za mkutano uliopita. Nikataka kuandika jina la aliyetufungulia kwa maombi. Nikachapa, kioo kikabaki kitupu.

Ndugu zangu, mnajua kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwenye laptopu mbovu za watu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kupima kabla ya kufungua: unachomeka kibodi nyingine, unaangalia kama nayo inakataa. Ni kazi ya dakika mbili. Siku ile sikuifanya. Niliinamisha pua kwenye vitufe, nikasikia harufu ya omena, nikaona jibu nimeshalipata.

Kulikuwa na mwenzetu anayeuza omena, mama aliyekuwa akibaki baada ya mkutano nimfundishe kuchapa. Sitamtaja jina. Nilimwambia mbele yenu nyote, "Mama, magamba ya samaki wako yameua mashine ya chama."

"Katibu, mimi hunawa na sabuni kabla niguse hiyo kitu."

"Sabuni haiwezi omena."

Mlicheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alilipa bei ya kibodi mpya bila kubishana. Kisha akaacha kuja. Nikasikia amehamishia biashara Homa Bay.

Nilipoifungua laptopu, chini ya vitufe sikukuta gamba hata moja. Nilikuta makombo ya mandazi, na mnajua ni mimi katibu wenu nilaye mandazi nikiandika. Hata hapo sikusimama kufikiri. Nikafunga kibodi mpya, nikawasha. Vitufe vipya vikakataa vilevile.

Nawaambia, niliketi mbele ya mashine ile nikaona aibu ingawa nilikuwa peke yangu.

Ndipo nikaingia kwenye mipangilio. Kuna mpangilio uliowekewa watu ambao mikono yao hutetemeka. Ukiwashwa, kompyuta hupuuza kitufe kilichoguswa upesi, mpaka ukikandamize kwa muda. Huwashwa kwa kushikilia kitufe cha Shift cha upande wa kulia kwa sekunde nane. Mimi nikiwasomea kumbukumbu, kidole changu huegemea papo hapo. Ujumbe ulitokea ukiniuliza kama nataka, nami nikakubali bila kuusoma. Mimi ninayewakataza kutia sahihi kabla ya kusoma!

Nilikwenda Homa Bay. Nilimkuta sokoni akipepeta omena na wenzake.

"Wololo! Katibu!" alisema kwa sauti. "Pua yako imepona?"

Wenzake walicheka. Nilistahili. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikaomba msamaha, nikatoa pesa zake. Hakuzigusa.

"Hapa nani ananijua kama muuaji wa kibodi?" aliuliza. "Ulinitaja kule mbele ya watu. Nisafishe jina huko huko."

"Utakuja?"

"Nitakuja nisikie kama utasema yote ama utaruka ile ya kucheka."

Sikuiruka, Mama. Nakuona hapo karibu na mlango. Mikono yako haikuharibu chochote. Niliharibu mimi, kwa kidole changu na kwa mdomo wangu.

Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii, na wale kina mama wa sokoni ambao, baada ya kunicheka, walinisogezea kiti. Kwako wewe, Mama, erokamano kwa kukubali kurudi hata kwa siku moja.

Ninaloweza kuwaachia ni hili. Vitufe vikikataa, zima mashine uiwashe tena. Kikikataa kimoja au viwili, pindua laptopu, kung'uta uchafu taratibu. Vikikataa vyote, chomeka kibodi nyingine. Nayo ikikataa, angalia mipangilio. Na kabla hujamaliza kupima, usimtazame mtu usoni. Mimi nilitazama mtu kwanza, nikaacha mashine.

Kibodi ya zamani ilikuwa nzima, nami nimeirudisha mahali pake. Gharama ya ile mpya sasa ni yangu mimi. Mama, bahasha hii ni yako, na uzihesabu mbele yao pesa ulizolipa: shilingi elfu mbili na mia nane.