Mkate Usio na Chumvi na Matako ya Mfilisti

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, Daktari wa michoro uliyetoka mjini, Mama Nunziata uliyetupikia, ndugu zangu wa Poggiasina, na nyinyi wa pale nyuma mliokuja kwa ajili ya divai tu: habari za mchana.

Nimeambiwa niseme maneno machache ya kuaga, nishukuru, nikabidhi ufunguo wa kanisa dogo, nikae. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hayo machache hatukuwa tumeyafikia. Mtavumilia.

Miaka thelathini na minane nimemtunza Samsoni wetu wa ukutani. Mnamjua, mmebatizwa chini ya goti lake: ameinua taya la punda, yu tayari kumponda Mfilisti aliyeinama mbele yake, na huyo Mfilisti ametugeuzia matako. Baba Padri samahani, ndiyo jina lake. Waumini humtazama Samsoni. Mimi, ambaye bila ngazi mkono wangu unafika kwa Mfilisti tu, nimempangusa matako yule mara nyingi kuliko nilivyowapangusa wanangu wanne, na ninampenda zaidi. Samsoni hajawahi hata kutoka jasho.

Na msidhani wengine sijawaona. Parokia ilitupeleka kwa basi kumwona Samsoni wa mjini, wa marumaru, ana misuli kama gunia la maboga. Binti yangu Fiorenza, anayefanya kazi Ujerumani, alinipeleka kumwona mwingine juu ya chemchemi, amemkalia simba kama mtu anayemkata kondoo manyoya, na simba mwenyewe ana uso wa mbwa wa padri, kwa sababu aliyemchonga hakuwahi kumwona simba. Kwingine taya la punda kalishika kama kandambili ya kumtishia mtoto. Na wote, kila nilikokwenda, wamechanwa nywele. Mtu ameua watu elfu moja, halafu anaonekana kama ametoka kwa kinyozi. Hao wachoraji walipigana na nani maishani mwao? Wangeniuliza mimi niliyekua na kaka sita. Wetu peke yake ndiye aliyechorwa na mtu aliyewahi kupigwa: tazameni Mfilisti alivyokaza shingo akilisubiri lile taya.

Sasa, Meya ana barua mfukoni, imetoka mjini. Msijifanye hamjui. Barua inasema mchoro umeharibiwa na mtunzaji asiye na elimu aliyesugua ukuta kwa mkate, kwa hiyo waje na gundi na vitambaa, waubandue kama ngozi ya sungura, waupeleke mjini ukae huko milele. Meya atatia sahihi leo baada ya keki. Ndiyo maana kuna keki.

Ni kweli, nilitumia mkate. Alinifundisha mama mkwe wangu, naye alifundishwa na wa kwake: unachukua mkate wa jana, ule ulaini wa ndani, unaufinyanga mpaka unakuwa kama udongo, unauviringisha taratibu juu ya masizi ya mishumaa, kisha unafagia kwa bawa la bata bukini isibaki hata chembe. Miaka yote hiyo ukuta haukuwahi kulalamika.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaja Daktari. Nakuona, mwanangu, usiangalie sahani. Ulikaa meza ile pale, na nusu ya watu hawa walikuwepo. Uling'ata mkate, ukasema:

"Mama, mwokaji wenu kasahau chumvi."

Mama Nunziata akakujibu, "Kasahau tangu enzi za babu wa babu yake, Daktari. Huku mkate hautiwi chumvi."

"Basi mnakula sifongo."

Watu wakacheka. Ukaagiza mkate wa kwenu, ukaja mifuko miwili kwenye gari, nami nikasema mwacheni ale anachotaka. Kesho yake nikakukuta juu ya ngazi, unamsugua Samsoni kifua kwa mkate ule ule.

"Daktari, huo si una chumvi?"

"Mkate ni mkate, bibi. Hebu niletee ndoo."

Nikaleta ndoo. Hilo ndilo kosa langu, na ninalikiri mbele ya Baba Padri: niliona chumvi inapakwa ukutani nikanyamaza, kwa sababu mpakaji alikuwa na koti jeupe. Wiki nzima nilishika ndoo.

Vuli ikaja, na ukuta wetu, kama kila vuli, ukanywa unyevu. Kufika sikukuu ya Watakatifu Wote, Samsoni ameota weupe mgumu kifuani, mabegani, magotini, hata kwenye nywele. Na Mfilisti? Nendeni mkamtazame, mlango uko wazi. Matako yake ni safi kama siku aliyochorwa, maana Daktari aliona haya kuyagusa, akaniachia mimi na sifongo yangu isiyo na chumvi.

Mheshimiwa Meya, ndani ya leso hii kuna weupe uliodondoka kutoka kwenye goti la Samsoni. Tia ulimini. Tia, Ivaldo, wewe ni mtoto wa mwokaji, baba yako ndiye aliyenipa mkate miaka yote ile. Ulimi wako hauwezi kunidanganya.

Haya. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Amesema chumvi.

Barua hiyo basi mpe Mama Nunziata, akawashie jiko. Daktari, sikuiti mjinga, una macho mazuri na mkono mwepesi, nilikuona. Chumvi uliyoiingiza unajua kuitoa, kwa maji safi na karatasi laini, kidogo kidogo, hapa hapa, Samsoni akiwa ukutani kwake. Kesho saa moja asubuhi. Ndoo nitakushikia mimi. Chai utakunywa kwangu, na mkate utakuwa ule usioupenda.

Ufunguo unabaki mfukoni mwangu mpaka kifua kile kiwe safi kama matako ya mwenzake. Keki tutaila, imeshaokwa, ila kustaafu sistaafu.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa mimina divai, Nunziata, mdomo umenikauka.