Simu ya Dawud Imeshika Mtandao

Baraza ya Ngozi, hapo Siyu, ilipewa jina lake na harufu. Badawi hukata na kushona makubadhi katika duka lake dogo, na nje ya mlango kuna baraza ya saruji ambayo harufu ya ngozi imeingia mpaka ndani ya chokaa ya ukuta. Mgeni hukunja pua. Wenyeji hawaisikii tena. Baada ya swala ya alasiri hukaa hapo watu walewale. Yuko Bibisi, ambaye amesikiliza redio tangu ujana na hakuna habari ya dunia asiyoweza kuichanganya na nyingine. Yuko Taratibu, karani mstaafu wa mahakama, asiyepokea hata kikombe bila kuuliza utaratibu wake. Na yuko Fawaz, ambaye wote humwita Injinia kwa kuwa ana kibanda cha kutengeneza simu na paneli ya jua inayochaji simu za mji mzima. Bi Tima huja na dele la kahawa ya tangawizi na vikombe vyake vidogo. Alhamisi hiyo hakuna aliyechelewa, kwa maana adhuhuri yake mlingoti mpya wa simu ulikuwa umewashwa.

Miaka yote aliyetaka kupiga simu alipanda ukuta wa ngome ya zamani. Kila mtu alikuwa na jiwe lake la kusimama, lile lililompa mtandao kidogo kutoka mbali, na ilikuwa kukosa adabu kulikalia jiwe la mwenzako. Siku hiyo hakuna aliyepanda. Watoto walikuwa wakitazama mpira kwenye simu katikati ya mji, na Bibisi alikuwa ameonana kwenye simu na mjukuu wake aliyeko Jeddah, mdomo wake ukienda sawasawa na maneno yake. Alisema jambo hilo lilimfurahisha na kumtisha kwa pamoja.

Taratibu alikuwa akieleza kwa mara nyingine namna serikali ilivyoibana kampuni. Kampuni ilikuwa imeambiwa kwamba haitapata kibali kipya cha kufanya biashara mijini mpaka kwanza iwashe sehemu zilizoachwa nyuma, na kwamba mlingoti utakaosimama huko ubebe laini za kampuni zote, si zake peke yake.

— Sheria imesema wote wasiohudumiwa, alisema akigonga goti kwa kidole. Wote. Hapakuwa na hisani hapo, ni amri.

Simu ya Badawi ilikuwa gotini, imelala kifudifudi, na mkono wake u juu yake kama mtu anayemzuia ndege asiruke.

— Bwana Badawi, kahawa yako yalala, alisema Bi Tima. Yeo huna raha?

Badawi akaigeuza simu, akampa Injinia. Injinia akasoma, akatazama tarehe, akasoma tena. Kisha akampa Taratibu, na Taratibu akavaa miwani.

Kulikuwa na ujumbe ambao Badawi aliutuma jana yake akiwa ukutani: *Dawud, Ijumaa tutakuswalia. Kama u hai, nena.* Chini yake, saa ileile mlingoti ulipowashwa, simu ilikuwa imeandika: *Ujumbe umefika.*

Hapo barazani hapakuwa na haja ya kuuliza Dawud ni nani. Alikuwa ndugu mdogo wa Badawi, na ndiye aliyewaongoza wapimaji wa kampuni walipokuja mwezi wa Rajabu kutafuta mahali pa kuusimamisha mlingoti. Aliwapeleka kwenye mwinuko ulio karibu na magofu ya Shanga. Wapimaji walirudi mjini wakiwa salama. Dawud alibaki nyuma kidogo kukusanya vibendera vyao vyekundu, akasema atawakuta ndiani. Hakuwakuta. Watu waliusaka msitu na mikoko, wapimaji nao wakisaka pamoja nao mpaka miguu yao ikavimba, na Badawi hakupata kuwalaumu. Kilichoonekana ni makubadhi ya Dawud tu, aliyoyashona Badawi mwenyewe. Yalikuwa yamepangwa vizuri, jozi yake, mbele ya mlango wa msikiti wa magofuni ulioanguka paa zamani za mababu.

Badawi aliyachukua akayaweka dukani, chini ya meza yake ya kukatia ngozi. Na kila alasiri alipanda ukuta wa ngome, akasimama kwenye jiwe la Dawud badala ya lake, akamwandikia salamu. Hakuna hata moja iliyofika. Ramadhani ilikuja ikapita. Mwishowe imamu alimwambia kwa upole kwamba watu wamechoka kungoja, na Ijumaa hii wangemswalia Dawud swala ya ghaibu, kama aswaliwavyo maiti asiyekuwapo. Badawi alikubali. Swafiya, mke wa Dawud, hakukubali. Ikishaswaliwa itambidi akae eda ya mjane, na yeye alishamwambia shemeji yake kwamba eda ataikalia siku atakayoonyeshwa kaburi.

Taratibu akamrudishia simu, akasema jambo hili lina maelezo. Laini isiyotumika hukatwa, ikapewa mtu mwingine. Huko bara kuna mtu amenunua namba ya Dawud na sasa ashangaa nani ataka kumswalia.

— Haijatimia miezi ya kukatwa, alisema Injinia. Na huyo wa bara angepata ujumbe tangu zamani, mtandao wanao. Kwa nini ufike saa ileile mlingoti unawashwa?

Alieleza polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. Laini ya Dawud ilikuwa ya kampuni nyingine, isiyoshika kisiwani nje ya ule ukuta wa ngome ila kwa ile amri ya kubebana. Kwa hiyo ujumbe ulipita kwenye mlingoti huu. Na mlingoti huu waona Siyu, waona Shanga, waona mikoko na hori. Gati la Mtangawanda hauoni, wala mji wa Pate.

— Wataka kunena nini? aliuliza Badawi.

— Nanena simu iko karibu. Na imewashwa.

Injinia akaipiga namba, akaweka sauti ya wazi. Ikaita. Wote wanne walikuwa wakiitazama simu, lakini Bi Tima, aliyesimama na dele lake, aligeuza uso kuelekea njia ya Shanga na kutega sikio, na muda si muda wengine nao wakafanya hivyohivyo, ingawa kila mmoja alijua kwamba magofu yako mbali mno kusikia kitu. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

Bibisi alianza na serikali. Alisikia redioni kwamba nti fulani hufunga watu wanaojua mahali mitambo ilipo. Huenda Dawud yuko mahali, ametunzwa, ala na kulala. Taratibu akamuuliza ni siri gani iliyo katika mlingoti unaoonekana na kila mbuzi. Bibisi akakiri kwamba hilo ni kweli, akaiacha serikali, akashusha sauti.

— Basi tuseme yale tunayoogopa kuyasema. Shanga ulikuwa mui wa watu. Una msikiti, una makaburi, una visima. Nani awahesabu wa pale?

— Wa pale wamekufa, alisema Taratibu.

— Wewe mwenyewe umetusomea. Wote wasiohudumiwa. Haikusema watu.

Taratibu alitaka kusema kwamba sheria hueleza maana ya kila neno, na kwamba mtumiaji ni mtu fulani mwenye kitambulisho. Badawi aliona macho yake yakizunguka, yakipekua kurasa ambazo hazikuwapo mbele yake, na aliona pia kwamba Taratibu hakulipata lile neno. Akaomba kahawa.

— Mlingoti umekaa kwao, aliendelea Bibisi. Walisikia wapimaji wakizungumza, wakajua kitu chaja. Wana mahali, hawana wa kuwafundisha kuutumia. Kisha yuaja kijana mpole, mwenye simu mfukoni, peke yake.

— Bibisi, alisema Injinia.

— Yale makubadhi, mliyafikiria? Mtu havui viatu kwenye gofu, pana miba na pana nyoka. Mtu huvua viatu akikaribishwa.

Badawi aliwahi kulifikiria jambo hilo usiku, si kwa maneno hayo, na sasa alilisikia likisemwa mchana mbele ya watu. Hata hivyo hakumkasirikia Bibisi. Alimfahamu kuwa ni mtu ambaye akiogopa husema, kama vile yeye Badawi akiogopa hushona.

Wakati huo akaja mwanamke aliyevaa fulana ya kazi na kofia, mkononi ana kifaa mfano wa simu nene. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akajitambulisha kuwa ni Roselyn, ametumwa na serikali kupima kama mtandao umefika kweli ama umefika kwa karatasi tu. Aliomba ruhusa apime hapo barazani. Taratibu, aliyefurahi kupata kitu cha kawaida, alimsogezea nafasi. Kifaa kikapiga mlio mdogo, na Roselyn akatabasamu, akasema kasi ya hapo inashinda ya ofisini kwao. Bi Tima akampa kikombe. Roselyn akanywa, akatazama nyuso zile, akauliza kama amewakatiza.

Injinia ndiye aliyemsimulia, kwa ufupi: mtu aliyepotea tangu Rajabu, ujumbe uliofika, simu inayoita. Roselyn alimpa Badawi pole, na alimaanisha. Akaiomba simu, akaitazama.

— Na alikuwa na simu ya aina gani, mzee?

— Ya vibonyezo. Ndogo.

— Hizo zinakaa na moto. Wiki moja, labda zaidi kidogo. Lakini si tangu Rajabu. Sasa hii imekuwa ikichajiwa wapi?

Wote wakamgeukia Injinia, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuchajia. Yeye akatikisa kichwa taratibu.

— Kwangu haikuya.

Kutoka katikati ya mji walisikika watoto wakishangilia bao. Bi Tima aliliinamisha dele juu ya kikombe cha Bibisi, likatoa matone na machicha, kisha likaacha kutoa.

Badawi akaichukua simu yake. Vidole vyake ni vizito kwa kazi ya sindano, na aliandika kwa taabu: *Wachaji wapi?* Akatuma. Kabla hajaiweka chini, ikaandika: *Ujumbe umefika.*

Wakangoja. Jibu halikuja.

— Taratibu, alisema Badawi, nenda kwa imamu. Mwambie kesho asimswalie. Maiti hachaji simu.

— Na aliye hai hujibu, alisema Bibisi, kwa sauti ya chini mno, wala hakuwa akibishana.

Badawi aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli. Akamuuliza Roselyn anaelekea wapi baada ya hapo. Roselyn akasema lazima akapime chini ya mlingoti wenyewe, kuna mtu wa pikipiki anamngojea, na jua bado liko juu. Badawi akamwambia watafuatana. Kisha akamwomba Bi Tima apite kwa Swafiya, amwambie tu kwamba eda ingoje.

Akaingia dukani, wakamsikia akiinama na kusogeza kitu. Alipotoka alikuwa ameshika jozi ya makubadhi, amekwisha kuyafuta vumbi, na kamba moja iliyokuwa imelegea alikuwa ameikaza.

— Hayo ya nini, Badawi? aliuliza Bibisi.

Badawi aliyatia kwapani, akavaa yake.

— Ndia ina miba, alisema. Atarudi na nini miguuni?