Mwalimu Yusto Onen: Mwangaza Aliofundisha, Neno Alilolikana

Marehemu Yusto Onen alizaliwa tarehe 3 Februari 1924 karibu na Kitgum, mtoto wa pili wa Mzee Okeny na Mama Lakot. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu Gulu, alikohitimu mwaka 1946. Padre mmoja alimwazima vitabu vya falsafa, na tangu hapo hakukuliwa chakula kwake bila mjadala. Filda Adyero, aliyemwoa Septemba 1950, alizoea kumwambia, "Mwalimu, kula kwanza. Falsafa haipoi."

Kuanzia 1965 alifundisha watu wazima katika kambi moja ya polisi upande wa Nakawa. Somo alilolipenda lilikuwa mwangaza. Kuelimika, alisema, si kujaza kichwa maneno ya watu. Ni kuthubutu kutumia akili uliyopewa na Mungu, na kuuliza "kwa nini" hata mbele ya mkubwa. Jioni moja taa zikazimika katikati ya somo hilo hilo. "Mwalimu," askari mmoja akapaza sauti, "hii mwangaza yako nayo imekatika?" Marehemu alicheka hadi akakaa chini.

Askari huyo alikuwa Konstebo Opoka, mwanafunzi aliyempenda kuliko wote. Machi 1973 Opoka aliamriwa ampige mchuuzi mmoja, naye akauliza, "Kwa nini? Kosa yake nini?" Siku hiyo hiyo alichukuliwa, na hakuonekana tena. Mkubwa wa kambi akawakusanya walimu, akataka kujua nani amewafundisha askari ujeuri huu. Mwalimu Onen akajibu, "Mimi nafundisha kusoma na kuandika tu, afande."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliacha kufundisha. Aliacha hata kupokea komunyo, kwani alisema nuru ikimwingia mtu humwonyesha kwanza uchafu wake mwenyewe. Aibu ile ilimla miaka yote iliyobaki, na sisi wa nyumbani tuliiona.

Mwaka jana, maradhi ya ini yakiwa yameshamchosha, alikwenda Ggaba kwa Mama Alanyo, mzazi wa Opoka, anayeuza samaki huko. Alimweleza yote. Mama hakumpa hata maji, maana kwetu Waacholi damu ikishaingia kati ya nyumba mbili, hazinywi pamoja. "Ulimfundisha mwanangu kutumia akili," alimwambia. "Hilo ni lako. Ulimkana. Hilo nalo ni lako."

Alifariki dunia nyumbani kwake Bugolobi tarehe 9 Novemba 1977, akiwa ameagiza haya yasomwe kaburini. Wengine tuliogopa, maana siku hizi si kila anayekuja msibani amekuja kulia. Mjane akasema, "Alinyamaza mara moja, ikatosha. Someni."

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa. Mama Alanyo tulimwomba neno la kuandika hapa. Akasema, "Andikeni kwamba nitakuja kumzika. Msiandike kwamba nimesamehe."

Mwalimu, Mungu akupe amani ambayo sisi hatuna uwezo wa kukupa.